Ustoiko na Wajibu wa Mtu kwa Jamii: Mwongozo wa Matumizi

Falsafa ya Wastoiko ilianzishwa mjini Athene mnamo mwaka 300 hivi kabla ya Kristo na Zeno, mtu wa Kitio katika kisiwa cha Kupro, na jina lake limetokana na Stoa Poikile, baraza ndefu yenye nguzo na kuta zilizopambwa kwa michoro kando ya soko la mji, ambapo Zeno alifundisha mbele ya yeyote aliyetaka kusimama na kusikiliza. Wasomaji wengi wa Kiswahili wamekutana na jina hilo katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, ambamo Paulo anahojiana na Waepikureo na Wastoiko katika mji huohuo. Mahali hapo pa kufundishia panafaa kukumbukwa, kwa sababu siku hizi falsafa hii huuzwa vitabuni na mitandaoni kama dawa ya utulivu wa mtu binafsi: mtu azibe masikio, asijali watu wasemayo, apunguze matarajio, alale usingizi wake. Usomaji wa namna hiyo umeshika nusu ya fundisho na kuiacha nusu iliyo nzito zaidi. Wastoiko walitenganisha mambo yaliyo katika uwezo wa mtu na yasiyo katika uwezo wake ili mtu huyo aweze kuwatumikia wenzake vizuri zaidi, kwa muda mrefu zaidi, bila kuvunjwa moyo na matokeo, na mwongozo huu unamlenga msomaji anayetaka kulichukua fundisho zima.

Msingi wa fundisho

Maandishi ya Zeno na ya warithi wake wa kwanza yamepotea, isipokuwa vipande vilivyohifadhiwa na waandishi wengine, kwa hiyo anayetaka kuyajua mafundisho haya huwategemea zaidi watu watatu wa enzi ya utawala wa Roma. Wa kwanza ni Seneca, mzaliwa wa Corduba katika Hispania, mwandishi na mwanasiasa aliyemfundisha Nero, Kaisari wa baadaye, ujanani, akawa mshauri wake, na hatimaye akalazimishwa na Nero huyohuyo kujiua mwaka 65. Wa pili ni Epictetus, aliyezaliwa utumwani huko Hierapolis, katika nchi ambayo sasa ni Uturuki, akapata uhuru, akafundisha Roma hadi Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, kisha akafungua shule Nikopolis, magharibi mwa Ugiriki; yeye mwenyewe hakuacha maandishi, ila mwanafunzi wake Arrian aliyanakili mazungumzo yake na kuyafupisha katika kijitabu kiitwacho Enkiridio, yaani kitabu cha kushika mkononi. Wa tatu ni Marcus Aurelius, Kaisari wa Roma tangu mwaka 161 hadi 180, ambaye Tafakuri zake, vitabu 12 alivyojiandikia kwa Kigiriki, ziliandikwa kwa sehemu akiwa vitani karibu na mto Danube, katika miaka ambayo himaya yake iliandamwa na maradhi ya kuambukiza yaliyoua watu wengi mno.

Walifundisha kwamba kilicho chema kwa ukamilifu ni kimoja tu, nacho ni uadilifu wa nafsi, waliougawa katika sehemu nne: hekima, yaani kujua lipi lifanywe na lipi liachwe, haki, yaani kumpa kila mtu kilicho chake na kuishi na watu kwa wema, ujasiri, yaani kustahimili na kutenda palipo na hatari, na kiasi, yaani kuyatawala matamanio. Mengine yote, kama vile afya, mali, cheo, sifa na hata uhai, waliyaita mambo ya kati, kwa maana kwamba yenyewe hayamfanyi mtu kuwa mwema wala mwovu, ingawa walikiri kwamba afya ni ya kupendelewa kuliko ugonjwa na shibe kuliko njaa. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kuliita jambo kuwa la kati hakuliondolei uzito katika matendo, maana haki hutendeka kwa kutumia vitu hivyohivyo, na haiwezekani kumtendea mtu haki bila kujali kama amelipwa ujira wake, kama ana maji ya kunywa, au kama mtoto wake ana dawati shuleni. Wingi wa mali haupimi thamani ya mtu, lakini namna anavyoipata, anavyoigawa na anavyoitunza iliyo ya wenzake humpima kikamilifu.

Kuanza na nafasi aliyo nayo mtu

Enkiridio hufunguliwa kwa mgawanyo unaojulikana sana: katika uwezo wa mtu yamo maoni yake, nia yake, anachokitamani na anachokikwepa, na nje ya uwezo wake kuna mwili, mali, sifa na vyeo. Miongozo mingi ya siku hizi humwambia msomaji achukue karatasi, aorodheshe yanayomsumbua, kisha ayakate yale asiyoyaweza. Njia hiyo ina kasoro kubwa, kwa kuwa mwenye kuanza na usumbufu wake huishia palepale penye usumbufu wake. Epictetus, katika kitabu cha pili cha Mazungumzo, alionyesha njia nyingine: mtu ajiulize kwanza yeye ni nani, yaani kwamba ni binadamu na raia wa ulimwengu, kisha ni mtoto wa fulani, ndugu wa fulani, kijana au mzee, diwani wa mji fulani, na katika kila jina hilo aitambue kazi inayomngoja. Wajibu utokanao na nafasi ya mtu, ambao Cicero, mwandishi na mwanasiasa wa Kirumi, aliuandikia kitabu kizima mwaka 44 kabla ya Kristo akimfuata Mstoiko Panaetius wa Rhodes, ndio unaopaswa kuandikwa kwanza kwenye karatasi, na mgawanyo wa uwezo ufuate baadaye kama chombo cha kuutimiza.

Mfano wa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa unaweza kuonyesha tofauti hiyo. Kikundi hukutana kila Jumamosi. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zake zimeshikwa na watu watatu. Mgawo wa mwisho wa mwaka unakaribia na wanachama wawili hawajarejesha mikopo yao. Mweka hazina mwenye kuanza na hofu yake ataandika kwamba watu watamsema, kwamba jina lake litachafuka na kwamba kikundi kinaweza kuvunjika, kisha atajifariji kwamba hayo yote hayamo katika uwezo wake, na atanyamaza. Mwenye kuanza na nafasi yake ataandika kwamba amekabidhiwa fedha za watu; basi kuzihesabu mbele ya wote kumo katika uwezo wake, kuandika kila shilingi katika daftari siku hiyohiyo kumo, kuwaendea wadaiwa mmoja mmoja kabla ya mkutano na kuwauliza kilichowasibu kumo, na kuusema wazi upungufu uliopo kumo, lakini kama watalipa, kama wenzake watamshukuru au watamshuku, na kama kikundi kitafika mwakani, hayo hayamo. Mgawanyo ni uleule kwa wote wawili, ila wa kwanza ameutumia kujiondolea kazi na wa pili ameutumia kuipata kazi yake.

Wastoiko walilieleza jambo hili kwa mfano wa mpiga mshale, uliohifadhiwa na Cicero: mpiga mshale hufanya kila awezalo ili alenge sawasawa, na ukamilifu wake umo katika kufanya kila awezalo, ingawa shabaha ndiyo anayoitazama. Msomaji asiisahau sehemu hiyo ya mwisho, kwa sababu mpiga mshale asiyejali shabaha hawezi hata kulenga. Kutokana na hilo walifundisha kwamba kila nia iambatane na sharti, yaani mtu akusudie kufanya jambo iwapo halitatokea la kulizuia, na Seneca alitaja safari ya baharini kuwa mfano wa nia ya namna hiyo. Desturi ya kusema Inshallah au Mungu akipenda, ambayo kwa waumini ina maana ya ibada iliyo pana kuliko hiyo, inaweza kumsaidia msomaji kulizoea sharti hilo ilimradi liyahusu matokeo peke yake. Anayesema Inshallah kuhusu kufika kikaoni saa nne, na hali hajaamua hata kutoka nyumbani, ameligeuza sharti kuwa kisingizio.

Kuridhia kabla ya kutenda

Hakuna sehemu inayohitaji mazoezi mengi kama ile inayohusu kuridhia. Wastoiko walieleza kwamba akili hupokea kwanza taswira, yaani jambo linavyoonekana mara moja, kisha huiridhia au huikataa, na ni baada ya kuridhia ndipo msukumo wa kutenda unapozaliwa. Taswira huja bila kuitwa, na hakuna lawama katika kuja kwake. Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 2, anasimulia habari za mwanafalsafa wa Kistoiko aliyebadilika rangi merikebuni wakati wa dhoruba, na abiria mmoja alipomwuliza sababu, akamtolea kitabu cha Epictetus kilichoeleza kwamba mshtuko wa kwanza humpata mwenye hekima kama unavyompata mjinga, na kwamba tofauti yao huanza pale ambapo mjinga anaukubali mshtuko ule kuwa ni ukweli wa mambo na mwenye hekima anakataa kuukubali.

Hatari ya kuridhia haraka huonekana wazi zaidi pale watu wengi wanaporidhia kwa pamoja. Sauti moja inaita mwizi katika stendi ya mabasi, kijana anaonekana akikimbia, na kabla basi lililokuwa likijaza abiria halijaondoka, mawe yameokotwa na tairi limekwisha kuletwa. Kila mtu katika umati huo amepokea taswira moja tu, ya kijana anayekimbia, na kila mmoja ameiongezea hukumu asizoziona kwa macho: kwamba ameiba, kwamba anastahili kufa, kwamba hakuna haja ya kungoja polisi, kwamba wanaopiga wanajua zaidi kuliko wanaotazama. Zoezi la Kistoiko mahali hapo ni kukitenga kilichoonekana na kilichoongezwa, na kulifanya hilo kwa sauti: nani amemwona akiiba, kimeibwa nini, mwenye mali yuko wapi. Maswali hayo yakiulizwa na mtu mmoja anayeheshimika pale stendi, awe mzee wa kijiwe, mama anayeuza chakula au kiongozi wa madereva, yanaweza kuupunguzia umati kasi, na Seneca, katika vitabu vyake vitatu juu ya hasira, aliona kwamba dawa kubwa ya hasira ni kuicheleweshea muda. Asiyeweza kusimama mbele ya umati bila kuhatarisha maisha yake bado ana mambo ndani ya uwezo wake, kama vile kupiga simu kituo cha polisi, kumwita mwenyekiti wa mtaa, kuwaondoa watoto mahali hapo, na kukataa kabisa kuongeza jiwe lake, kwa kuwa damu inayomwagwa na watu mia haigawanyiki sehemu mia.

Ujumbe unaosambazwa katika makundi ya WhatsApp hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, tofauti ikiwa kwamba umati hauonekani. Inaweza kuwa picha ya mtu anayedaiwa kuwa mwizi wa watoto, sauti ya mtu asiyejulikana inayotangaza ugonjwa, au matokeo ya uchaguzi yasiyo na chanzo. Anayebonyeza alama ya kusambaza ameridhia, na amewapa wote waliomo kundini sababu ya kuridhia. Kwa hiyo msomaji ajiwekee kanuni kwamba ujumbe wowote unaomtia hasira au hofu hautasambazwa katika saa ileile uliyoingia, hata kama umetoka kwa mtu anayemwamini, na kwamba katika muda huo atatafuta chanzo chake. Chanzo kisipopatikana, amwulize aliyeuleta ameupata wapi, na afanye hivyo faraghani, maana mtu anayeulizwa mbele ya kundi zima huanza kuitetea heshima yake na kuusahau ukweli. Ikibainika kwamba ujumbe ulikuwa wa uongo na yeye mwenyewe amekwisha kuusambaza, masahihisho yapelekwe katika kundi lilelile, kwa maneno ya wazi, bila kungoja mtu amwumbue.

Matusi ya barabarani, foleni isiyosogea na mtu anayeruka zamu benki ni mambo madogo, nayo yanafaa sana kuwa uwanja wa mazoezi, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kuizuia hasira yake mbele ya kondakta hawezi kutegemea kwamba ataizuia mbele ya umati.

Asubuhi na jioni

Mazoezi mawili ya kila siku yamehifadhiwa na waandishi hawa, na yote mawili yalihusu watu wengine zaidi ya inavyodhaniwa. Mwanzoni mwa kitabu cha pili cha Tafakuri, Marcus Aurelius anajitayarisha alfajiri kwa kujikumbusha kwamba siku hiyo atakutana na wadadisi, wasio na shukrani, wenye kiburi na wenye husuda, lakini hoja yake haiishii kwenye kujikinga nao, kwa kuwa anaendelea kujikumbusha kwamba watu hao ni jamaa zake kwa akili waliyopewa wote, na kwamba wameumbwa washirikiane naye. Msomaji anaweza kulifanya zoezi hilo kabla ya kushika simu, kwa kuwataja kwa majina watu wawili au watatu atakaokutana nao, hasa yule anayemkera, na kuamua mapema atamtendea nini kilicho cha haki. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi tisini, muuguzi wa zamu ya usiku na karani wa dirishani wanalihitaji zaidi kuliko wengine, maana kazi zao huwaletea watu waliochoka ambao hawakuwachagua.

Zoezi la jioni linatoka kwa Seneca, aliyelijifunza kutoka kwa mwanafalsafa Sextius, na ambaye anaeleza kwamba taa ikishaondolewa na mkewe, anayeijua desturi hiyo, akishanyamaza, yeye huipitia siku yake nzima bila kujificha chochote. Msomaji anashauriwa kuandika mistari michache katika daftari la kawaida, akitaja matendo na kuziacha hisia: ni kosa gani limejirudia leo, ni wapi alijizuia, ni nani aliyemtegemea, na je, mtu huyo alipata alichostahili. Swali la mwisho ndilo linalowaponyoka wengi, kwa sababu mtu anaweza kuwa mtulivu kutwa nzima huku fundi aliyemjengea ukuta akimngoja amlipe. Seneca alijisema kama hakimu mwenye huruma, akijisamehe na kujionya asirudie, na hivyo ndivyo inavyofaa, kwa kuwa anayejipiga kwa maneno kila usiku huliacha daftari baada ya juma moja.

Duara za Hierocles

Mstoiko ambaye hatajwi mara nyingi, ingawa ana faida kubwa kuliko wote katika somo la wajibu kwa jamii, ni Hierocles, aliyeandika katika karne ya 2 na ambaye vipande vya maandishi yake vimesalia katika mkusanyiko wa Stobaeus. Yeye aliendeleza fundisho la oikeiosi, yaani mwelekeo wa asili wa kila kiumbe kukitambua kitu kuwa ni chake na kukijali, ambao kwa mtoto mchanga huanza na mwili wake na kwa mtu aliyekomaa huenea hadi kwa wanadamu wote. Hierocles aliwaza duara zenye kitovu kimoja: katikati ni nafsi ya mtu na mwili wake, kisha wazazi, ndugu, mke na watoto, kisha babu na bibi, wajomba, shangazi na watoto wao, kisha jamaa wa mbali, watu wa mtaa, wa kabila, wa mji, wa miji jirani, wa taifa, na duara la mwisho ni binadamu wote. Kazi ya mtu mwema ni kulivuta kila duara lisogee karibu na kitovu, na Hierocles alipendekeza hata watoto wa wajomba waitwe ndugu, na wajomba wenyewe waitwe baba.

Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mila zimelifanya hilo tangu zamani, kwa kuwa ndugu wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo na watoto wao ni kaka na dada, kwa hiyo kazi iliyobaki iko kwenye duara za nje, ambako majina ya kijamaa mara nyingi hutolewa bila haki zinazopaswa kuyafuata. Mfano ulio karibu mno ni wa msichana wa kazi za nyumbani. Nyumbani anaitwa dada, watoto humwamkia, na wageni huambiwa kwamba ni mtu wa familia; lakini huamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, mshahara wake hucheleweshwa mwezi unapokuwa mgumu kwa hoja kwamba anakula na kulala bure, na hana siku ya kwenda kwao. Anayetaka kulivuta duara hilo kwa dhati aanze na mambo yanayoweza kuhesabika: mapatano yaliyoandikwa, tarehe ya malipo isiyoyumba, siku ya mapumziko katika juma, mahali pa kulala penye mlango unaofungwa, na matibabu anapougua. Jina la dada likifuatwa na hayo lina maana, na lisipofuatwa na hayo linatumika kuficha deni. Kipimo hicho kitumike pia kwa mlinzi wa usiku, kwa mpangaji anayetoka mkoa mwingine, kwa mtu wa dini nyingine katika mtaa, na kwa wakimbizi wa Burundi na Kongo walioko katika kambi za Nyarugusu au Kakuma, ambao kwa fundisho la Hierocles wamo katika duara la binadamu wote.

Kuhusu utoaji, Seneca aliandika vitabu saba juu ya fadhila, na ushauri wake unaingia moja kwa moja katika maisha ya michango ya harusi, misiba, karo na matibabu: mtoaji atoe mapema kabla mhitaji hajadhalilika kwa kuomba, atoe bila masimango, kisha asahau, na kazi ya kukumbuka iwe ya aliyepokea. Wenye methali ya Tenda wema nenda zako walifika mahali hapohapo kwa njia yao wenyewe. Musonius Rufus, mwalimu wa Epictetus, ambaye pia alifundisha kwamba mabinti wapewe malezi ya falsafa sawa na wavulana, aliona kwamba fedha hutumika kwa heshima kubwa zaidi zinapowafaidi watu wengi kuliko zinapomezwa na majumba ya kifahari, na kamati za harusi zinazokopa ili kupamba ukumbi kwa usiku mmoja zingefaidika kwa kuujadili ushauri huo kabla ya kikao cha kwanza.

Siasa haikwepeki. Seneca anaripoti kwamba Epicurus, mwanzilishi wa Waepikureo, alimshauri mwenye hekima asishiriki mambo ya umma isipokuwa pawe na sababu ya kumlazimisha, na Zeno akasema ashiriki isipokuwa pawe na kizuizi. Epictetus aliwasimulia wanafunzi wake habari za Helvidius Priscus, mjumbe wa seneti ambaye Kaisari Vespasian alimtaka asihudhurie kikao, naye akajibu kwamba maadamu ni mjumbe hana budi kuhudhuria, na akiulizwa maoni hana budi kusema anachokiona kuwa haki. Vespasian alikuwa na uwezo wa kumwua, na kweli Helvidius alihamishwa na kuuawa. Kwa msomaji wa kawaida kizuizi mara nyingi ni uvivu tu, maana mkutano wa mtaa, kikao cha wazazi shuleni na kamati ya maji havimtaki mtu afe: vinamtaka ahudhurie, asome taarifa ya mapato na matumizi, na aulize swali ambalo wengine wananong'onezana nje ya ukumbi.

Mipaka ya fundisho

Ustoiko una doa ambalo halifai kufichwa. Seneca, katika barua yake ya 47, alisisitiza kwamba watumwa ni binadamu na kwamba bwana anaweza kuketi nao mezani, lakini hakudai utumwa ukomeshwe, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Roma. Funzo lililopo ni kwamba utulivu wa ndani unaweza kuishi pamoja na dhulma ya nje bila kuigusa, na ndiyo sababu swali la haki linapaswa kuulizwa kila mara swali la utulivu linapoulizwa. Vilevile mgawanyo wa uwezo ni wa mtu kujitumia mwenyewe. Kumwambia mfanyakazi aliyedhulumiwa au mama aliyebomolewa kibanda chake kwamba kinachomuumiza ni maoni yake tu ni ukatili uliovalishwa nguo za falsafa. Kwa mtu wa namna hiyo wajibu wa Mstoiko ni haki, yaani kumsaidia kupata alichonyang'anywa.

Katika suala la msiba mwongozo huu hauifuati Enkiridio yote. Kijitabu hicho kinaruhusu mtu aomboleze pamoja na aliyefiwa, lakini kinaonya asiomboleze ndani ya moyo wake, na ushauri huo, ukichukuliwa kama ulivyo, humfanya anayekuja kuhani kuwa mwigizaji. Seneca alikuwa mkweli zaidi alipokiri, katika barua ya 63, kwamba alimlilia rafiki yake Serenus kupita kiasi. Marcus Aurelius naye alizika watoto wake wengi. Anayekwenda kukaa matangani na akae kweli, alie ikiwa machozi yanakuja, na ayaelekeze mazoezi yake ya Kistoiko kwenye kazi za msibani, kama vile kuchota maji, kuandika majina ya waliochanga, na kurudi kumtembelea mfiwa baada ya arobaini watu wanapokuwa wametawanyika.

Pia sonona na magonjwa mengine ya akili yanahitaji wataalamu wa afya. Ni kweli kwamba Albert Ellis na Aaron Beck, waanzilishi wa tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra, walitambua deni lao kwa Wastoiko, lakini tiba yao huongozwa na mtaalamu aliyefunzwa, na mgonjwa anayepewa Enkiridio badala ya kupelekwa kliniki ameachwa peke yake.

Vitabu vya kuanzia

Msomaji anayetaka kuendelea aanze na Enkiridio, kwa kuwa ni fupi, yenye sura 53, na inaweza kusomwa kwa siku chache, lakini aisome sambamba na kitabu cha pili cha Mazungumzo ili majukumu ya kijamii yasimezwe na mafundisho ya kujizuia. Barua za Seneca kwa Lucilius, ambazo ni 124, zinafaa kusomwa moja moja kwa juma, ikiwezekana na watu wawili au watatu wanaokutana kuzijadili na kuulizana walichofanya tangu walipokutana mara ya mwisho. Tafakuri za Marcus Aurelius zianziwe katika kitabu cha pili na cha tano, na kitabu cha kwanza kiachwe hadi mwisho. Hicho ni orodha ya watu waliomlea Kaisari huyo, kuanzia babu yake, pamoja na jambo alilojifunza kwa kila mmoja, na msomaji aliyefika hapo anashauriwa kuandika orodha yake mwenyewe, kisha kuwatafuta wale walio hai na kuwasomea walichoandikiwa.